Ngeli Moja na Ng'ombe

Mwalimu wetu wa Kiswahili wa kidato cha pili alipenda kusema kwamba mbele ya sarufi mtu na ng'ombe ni ndugu. Mti umekufa, gari limekufa, lakini mtu amekufa na ng'ombe amekufa. Wote ni ngeli ya A-WA, wanalala chumba kimoja. Darasa zima lilicheka. Sisi ni Waturkana, hilo hatukuhitaji kufundishwa na mtu wa kutoka Busia. Sikujua kwamba iko siku nitaketi sebuleni kwangu hapa Lodwar, saa tisa na nusu mchana, simu mkononi, na ngeli hiyo imenikaba koo.

Kazi yangu ni ya kuketi. Redio ya hapa mjini hupokea matangazo ya watu kwa Kiturkana, wengi wao wakituma sauti kwa WhatsApp. Mimi nayageuza Kiswahili, nayatuma studio, na saa kumi mtangazaji anayasoma kwa ajili ya madereva, wenye maduka wa Kisomali, wakimbizi wa Kakuma na polisi wa vizuizini. Mtangazaji ni binti wa Kitale. Kiturkana chake kinaanzia kwenye salamu ya ejok na kuishia hapo hapo. Nikiandika upuuzi, atausoma kwa sauti tamu vile vile. Matangazo yana mafungu mawili: Mifugo Iliyopotea, halafu Tanzia.

Kwa vile sitoki, wiki nzima ya redio hiyo naijua kuliko ninavyowajua majirani zangu. Jumanne ni bei za mbuzi. Jumatano ni saa ya Kakuma. Alhamisi ni kipindi cha amani, na kila kikimalizika lazima mtu apigwe risasi mahali fulani. Ijumaa mawaidha, Jumamosi salamu, Jumapili misa. Kaka yangu hunipa jina la mlinzi wa mafiga. Yeye anakaa Kainuk, kule barabara ya Kitale, na mifugo yake na bunduki ya askari wa akiba. Ana makovu mawili ya risasi pajani. Mimi nina kovu moja mkononi, la mafuta ya mandazi.

Kwetu mwanaume mchungaji huitwa kwa jina la maksai wake mpendwa. Maksai wa kaka yangu alikuwa mweupe mwenye madoa meusi, kwa hiyo kaka naye ni Madoa. Ukimwita jina la ubatizo hageuki. Ndiyo, mwanaume mkali kuliko wote katika ukoo wetu anajulikana kwa jina la ng'ombe aliyehasiwa. Sijawahi kulisema hilo mahali ambapo fimbo yake inaweza kufika.

Basi Jumatatu ile, sauti ikaingia kutoka Kainuk. Alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka, anahema, upepo unavuma kwenye simu. Alisema: "Madoa amepigwa risasi hapa mtoni. Amelala chini. Mwambie mama." Halafu milio mitatu, kavu, kama mtu anavunja kuni. Halafu kimya.

Nilipiga. Haipatikani. Nikapiga tena mpaka kidole kikachoka. Kiturkana chetu nacho hakinisaidii: Madoa ni Madoa, mwenye pembe na mwenye bunduki. Saa kumi kasorobo binti wa Kitale akaandika: "Mwalimu, matangazo?" Huniita mwalimu kwa sababu nina cheti cha kidato cha nne na miwani.

Nilikuwa na mafungu mawili na mtu mmoja wa kuyajaza. Nikaandika kwenye Mifugo: "Madoa amepigwa risasi mtoni, Kainuk. Jamaa wajulishwe." Nilijiambia nikimweka kwa ng'ombe, atabaki ng'ombe. Nikamsikia kwa sauti tamu, kati ya ngamia aliyepotea Namoruputh na punda wa mama mmoja, kaka yangu akisomwa.

Jumanne, kabla ya bei za mbuzi, wakatangaza kwamba lori la mahindi limechomwa chini kidogo ya daraja la Kainuk. Dereva alipigwa taya, akatembea na taya lake kiganjani mpaka kizuizini. Wanawake wawili waliokuwa wakichota maji hawakufika popote. Minara ya simu ya upande ule imezimika. Baadaye bei: beberu mkubwa ameshuka. Nilisikiliza yote mpaka mwisho, hata bei ya ngozi, kana kwamba katikati ya ngozi wangeweza kumtaja.

Mama anakaa Kakuma, anauza makaa na kuni kwa wakimbizi. Simu yangu hakupokea. Nikafikiri hana habari. Jumatano, saa ya Kakuma ikaanza, kipindi kinachoendeshwa na kijana wa Kikongo mwenye kicheko kirefu. Akafungua laini ya wasikilizaji, na wa kwanza kuingia alikuwa mama yangu mzazi.

"Mimi iko mama ya ile Madoa mulisoma Jumatatu," alisema. "Nataka kuuliza huyo mwenye kuandika. Mtoto yangu alitoka lini kwa watu akaenda kwa ng'ombe?"

"Pole sana, mama," yule kijana akasema. "Njo Madoa ni mutu ao ni ngombe?"

"Ni wote!"

"Wote wawili walipigwa?"

"Kama ningejua ningekupigia wewe? Uliza huyo mwenye kuandika! Iko na karatasi ya sekondari na hajui kutofautisha ndugu yake na nyama!"

Kijana wa Kikongo alicheka, kisha akagundua si jambo la kucheka, akaweka muziki. Nilibaki nimeketi. Turkana nzima, na kambi, na makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, walikuwa wamesikia nikikemewa na mama yangu, na jambo lililoniuma si hilo. Lililoniuma ni kwamba aliuliza swali ambalo mimi nililikimbia.

Alhamisi walirusha kipindi cha amani moja kwa moja kutoka Kainuk, chini ya ulinzi. Mjumbe wa amani alikuwa anasema, "Kwa sasa hali ni shwari, wananchi warudi kwenye shughuli zao," na nyuma yake ikasikika ta-ta-ta, na mtu akapiga kelele, na kipaza sauti kikaanguka kikaendelea kurekodi viatu vikikimbia. Studio ikaweka wimbo wa kwaya. Niliufuata ule wimbo wote nikitafuta viatu vya kaka yangu katika mbio nilizosikia. Yeye huvaa makatambuga ya tairi. Yana mlio wake.

Ijumaa, mawaidha yakiendelea, simu ikaita.

"Ejok," ilisema sauti.

"Ni nani?"

"Ni maksai. Nimesikia redio imetangaza nimepotea, napiga niulize kama nimepatikana."

Nilikaa sakafuni. Nilitukana tusi ambalo siandiki hapa kwa sababu mawaidha yalikuwa bado yanaendelea. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao. Nyuma yake nilisikia vicheko vya wanaume, na mmoja niliyemtambua, kaka yake shemeji, kijana wa mdomo mwepesi ambaye maksai wake ni wa rangi ya kijivu, kwa hiyo naye ni Kijivu. Alipaza sauti: "Mwambie mlinzi wa mafiga atutengenezee chai, tunakuja na maziwa ya watu!"

Kaka hakucheka naye. Akaniambia jinsi ilivyokuwa. Watu wa ng'ambo ya mto walivamia mifugo ikinywa maji. Risasi ya kwanza ilimpata maksai shingoni. Kaka aliacha bunduki, akamshika pembe kwa mikono miwili, akajaribu kumvuta nyuma ya jiwe, ng'ombe mzima, kama mtu anavuta kitanda. Damu ilimwingia machoni. Wanawake wale wawili waliangukia pale pale, hatua tatu kutoka kwake, yeye ameshika pembe. "Sikuwaona," alisema. "Nilikuwa namwangalia yeye."

Nilizima redio, mawaidha yakakatika katikati.

"Kesho ni salamu," alisema. "Nitumie salamu. Andika hivi: Madoa anawasalimu watu wa ng'ambo ya mto. Mwezi ukijaa, tutakuja kunywa chai kwenu. Wameshaanza kujua kusikiliza redio, watasikia."

"Mwezi unajaa Jumapili."

"Nani amekufundisha kutoka nje ukauona?"

"Kaka, ukisema redioni huwezi kurudi nyuma."

"Ndiyo sababu nataka isemwe," akasema, akakata.

Hapo sasa. Nikituma, kijana yeyote wa ng'ambo mwenye redio atamsubiri akiwa amelala nyuma ya kichaka, na kaka ataenda, maana ametaja jina la maksai wake mbele ya dunia. Nisipotuma, atasikiliza saa kumi, hatajisikia, atajua ni woga wangu, na ataenda kwa hasira zaidi. Nilimpigia mama. Safari hii alipokea, kwanza akanitukana kwa dakika nzima, nikamwacha amalize kwa sababu ana haki. Kisha nikamweleza.

Nilisikia mtu nyuma yake akiulizia makaa, na mama akimjibu, "Ngoja, nataka kumwokoa mtoto."

"Mtu akifiwa," akaniambia polepole, "watu wakija kwake, anaondoka?"

"Haondoki. Atawaacha na nani?"

"Basi Madoa amekufa ama hajakufa?"

"Maksai amekufa."

"Mimi sijauliza maksai. Nimeuliza kama ukisema Madoa amekufa, umedanganya?"

Nikamkumbuka mwalimu wa Busia. Sikuwa nimedanganya hata kidogo.

"Mzike," mama akasema. "Mimi nitakuja kulia."

Jumamosi sikutuma salamu. Nilituma Tanzia, na niliiandika kama ninavyoandika kwa mtu mkubwa. "Tunasikitika kutangaza kifo cha Madoa, aliyeuawa kwa risasi mtoni Kainuk. Ameacha mwenye kumpenda, watoto wengi na ndama. Jamaa, marafiki na wote waliowahi kula kwake wafike bomani kuanzia leo. Mama yake yuko njiani kutoka Kakuma." Binti wa Kitale aliisoma kwa sauti ya kaburini. Pale kwenye ndama alisita kidogo, kisha akaendelea. Ni mtaalamu.

Wote waliowahi kula kwake. Hapo ndipo nilipomtega. Kaka yangu ni mkarimu, na maksai yule alijulikana mpaka Lokichar. Mpaka jua linatua Jumamosi, watu walikuwa wanaingia bomani kwa miguu, wengine wakilia tangu mbali, wanamkuta marehemu ameketi mlangoni akinoa kisu. Nusu yao walijua ni maksai, wakaja kumlilia maksai, na kwetu si jambo la kuchekwa. Nusu hawakujua, na walipomwona hai walilia zaidi, wakamshika mikono, wakakataa kumwachia. Jumapili adhuhuri mama akashuka kwenye lori lililokuwa limesindikizwa na polisi, akajitupa chini mbele yake, akamkumbatia miguu yote miwili. Shemeji anasema hakuiachia miguu hiyo hata alipoletewa chai. Aliinywa hivyo hivyo, kikombe mkono mmoja, kifundo cha mguu mkono mwingine.

Kaka alinipigia jioni ile, minara imerudi.

"Umenizika."

"Nimemzika maksai wako. Soma tena tangazo, ni ngeli ya A-WA."

"Kuna watu wamejaa mpaka kwenye zizi. Wamemaliza mbuzi sita. Mzee mmoja ananihubiria kuhusu uzima wa milele na mimi niko hapa."

"Msikilize, huenda atakufaa."

"Wenzangu wanaondoka sasa hivi," alisema, na sauti yake ikapasuka. "Wanaondoka na mimi mama amenishika miguu. Unajua wananiitaje?"

Nilijua. Walikuwa wanamwita mlinzi wa mafiga. Nilitaka kusema karibu, kiti kiko hapa.

Wenzake waliondoka kumi na mmoja. Jumatatu asubuhi niliwasha redio kabla hata ya kunawa uso. Walisema milio ilisikika ng'ambo ya mto tangu mwezi ulipotoka mpaka ulipotua, na kwamba polisi wanakusanya maiti za pande zote mbili na bado hawajamaliza. Nilipika chai, nikaisahau mpaka ikapoa. Binti wa Kitale aliniandikia "pole mwalimu" bila mimi kumwambia chochote.

Saa tisa ikaingia sauti. Alikuwa shemeji, kama wiki iliyopita, lakini hahemi, na hakuna upepo. Alisema maneno yale yale, yamenyooka kama amesoma mahali: "Kijivu amepigwa risasi. Amelala chini." Kisha nikamsikia akimpa mtu simu.

Alikuwa kaka. Nyuma yake wale watu waliokuja kumlilia maksai walikuwa bado bomani, na sasa walikuwa wanalia kweli. Nilimsikia mama katikati yao. Nilikuwa na mafungu mawili mbele yangu, kalamu mkononi, mikono yangu laini ya mtu wa ndani.

"Huyu," kaka akasema, "mwandike mtu."