Dhamana ya Kahawa ya Baba

Baba alikuwa mtu wa redio katika polisi maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu alichukua karibu kiinua mgongo chake chote akakiweka kwa dalali wa mtandaoni, ili anunue na kuuza mikataba ya kahawa, yaani ahadi za kununua au kuuza kahawa mwezi ujao kwa bei iliyokubaliwa leo. Faida ingemjengea mama nyumba huko Gulu, maana mama alikuwa amekwisha kuhamia huko na alikuwa akilala kwa dada yake. Mimi nilibaki na baba katika vyumba vyetu viwili Katwe, na biashara ile sikuipenda hata siku moja. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi ni mwoga kama mama yangu.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Alinunua mkataba wa kahawa ya mwezi wa karibu, akauza wa mwezi wa mbali. Mmoja ukipoteza, mwingine unapata, kwa hiyo dalali alimtoza dhamana ndogo tu, pesa za kufidia hasara ikitokea, kwa yote miwili.

"Hii miwili ni kama wafungwa kwa pingu moja," alisema. "Mmoja hawezi toroka."

Kumbe mkataba wa karibu ukianza kuelekea mwisho, dalali hatambui tena hiyo pingu. Kila mmoja unadaiwa dhamana yake kamili. Onyo lilimfikia baba kwenye simu: aongeze pesa, au aifunge yote miwili kabla ya Ijumaa. Akalijibu kama alivyojibu makao makuu miaka yote: nimepokea, nangoja amri. Kisha akaketi kungoja. Hakuna aliyesoma jibu lake. Lile onyo lilitumwa na mashine.

Jumatatu tukakuta wamefunga ule wa karibu tu, uliokuwa unakwisha. Ule wa mbali, aliokuwa ameuuza, ulibaki peke yake, bei ya kahawa ikapanda, hasara ikala kila kitu. Nilimsomea taarifa ya dalali, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani zaidi.

"Lakini mimi nilijibu," alisema. "Wao ndio walinyamaza."

Simu yake ikalia. Alikuwa mama. Fundi amefika kiwanjani na kamba zake, anauliza kama aanze kuchimba msingi. Nikanyoosha mkono baba anipe simu, nimwambie mimi. Akanipa mgongo, akatazama ukuta.

"Mwambie achimbe," akamwambia mama.