Simu ya Antipasi Mughwai

Swaumu ni mtu wa maneno machache, mimi mdomo hauna breki, ndiyo maana tumedumu. Yeye ana duka la steshenari hapa Manyoni, mimi nashona nguo barazani kwake. Makampuni binafsi yalipoanza kuajiri kwa mtandao, vijana wakafurika kwake kuandikiwa CV. Anaandika vizuri, sikatai. Lakini walikuwa wanatuma, kimya. Wanatuma tena, kimya.

Aliyechoka kuliko wote ni Lea wa Nduguti, mwenye diploma ya maabara na mtoto mgongoni. Siku hiyo alikuja na tangazo la hospitali moja binafsi, mwisho wa maombi jioni ile ile.

"Nikikosa hii, dada Swaumu, narudi kulima," akasema. "Mimi nimerogwa, si bure."

Zamani ulituma kwa barua pepe, hujui upande wa pili wanaona nini. Safari hii tovuti iliisoma CV yenyewe, kisha ikaonyesha ilichosoma. Nikaacha cherehani nikachungulia. Haki ya Mungu! Kwenye nafasi ya jina palikuwa pameandikwa Antipasi Mughwai.

Swaumu akaifuta, akaituma upya. Antipasi Mughwai.

"Huyo nani?" Lea akauliza.

Antipasi tulimzika sisi. Ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa Swaumu, akafa ajalini karibu na Mkiwa akienda kwenye usaili.

"Zima hilo lidude," nikasema. "Lina mtu ndani."

"Shona nguo zako wewe."

Akabonyeza huku na kule, mwishowe akaisogeza pembeni picha ya Lea. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha maandishi chenye jina la Antipasi na namba yake ya simu. Kumbe CV zote Swaumu alikuwa anaziandikia kwenye faili la Antipasi: anafuta anachokiona, anabandika picha mpya palepale. Macho yetu hayakuona kilichofunikwa, mashine za waajiri zilikiona. Waajiri wote walikuwa wanapiga namba ya marehemu.

Na namba ilikuwa hai. Simu anayo mama yake, na kwao hakuna umeme, kila asubuhi anaileta kwa Swaumu kuchajiwa. Niliwahi kumsikia akiipokea pale barazani. "Katoka kidogo," alisema. "Akirudi nitamwambia." Nikadhani anamsemea mwanawe mwingine. Mtume, kumbe hana mwingine!

Swaumu akakifuta kisanduku, Lea akasomeka Lea. Wiki haikuisha akaitwa kazini. Na wale wengine Swaumu akawasafishia faili zao, mmoja mmoja.

Baadaye mama Antipasi akaja, simu kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, mama," tukamwamkia.

"Marahaba. Swaumu mwanangu, hebu niangalizie hii simu. Walikuwa wanamuulizia sana Antipasi. Siku hizi hawampigii. Imeharibika?"

Mimi na mdomo wangu wote huu nikainamia cherehani. Swaumu aliigeuzageuza, machozi yanamlenga.

"Nzima, mama. Watapiga tu."

Mama alipoondoka, Swaumu akafungua CV ya Antipasi mwenyewe, ile ya kwanza, akaituma kwa kampuni moja. Kisha nyingine.

"Una wazimu?" nikamfokea. Akatuma ya tatu.

Juzi ile simu imeita ikiwa kwenye chaji, mama hayupo. Tukatazamana. Ikaita mpaka nikaogopa. Swaumu akaipokea.

"Katoka kidogo," akasema. "Akirudi nitamwambia."