Wagonjwa Saba Ambao Hatukuwaona

Mimi ndiye niliyemwangusha Euphrasie katika mtihani.

Ilikuwa miaka ya vita, kijiji cha Kashuga kimejaa wakimbizi. Euphrasie alikuwa muuguzi wa kituo cha afya pale. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapasua akina mama walioshindwa kujifungua na wakulima wenye ngiri, kwa sababu daktari hakuwepo. Mimi, Dokta Séraphin, nilitumwa kutoka Goma kuwapima wauguzi wa namna yake. Mtihani wenyewe: mafundo ishirini ya uzi juu ya kipande cha sponji, ndani ya dakika nne; anayeshindwa haruhusiwi tena kupasua. Vidole vyake vilikuwa vinene, vya mtu anayelima maharagwe yake mwenyewe. Muda ulipoisha, alikuwa na mafundo kumi na matatu.

Hakulalamika. Alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akaniuliza kwa upole:

“Dokta, nani alionaka kama muntu wa kufunga mafundo mbio, njo wagonjwa wake banapona?”

“Kuna utafiti, Mama. Wataalamu waliufanya.”

“Juu ya batu ngapi?”

Nilikuwa sijawahi kuusoma.

Nikarudi Goma, nikautafuta ule utafiti. Kurasa nne tu. Wanafunzi kumi na tisa wa mji mmoja wenye amani, ng'ambo ya bahari, walipimwa juu ya sponji. Waliofanya mazoezi walifunga haraka zaidi. Basi. Hakuna aliyemfuata hata mgonjwa mmoja nyumbani kwake. Na kwa karatasi hiyo nilikuwa nimemnyang'anya yule mama kisu. Niliona haya.

Njia ilipofunguka, nikarudi Kashuga. “Mama,” nikamwambia, “tuwatafute wagonjwa wako.”

Daftari lake lilikuwa na majina arobaini ya miaka miwili ya mwisho. Tulikwenda kwa pikipiki, na njia ilipoharibika tukatembea: Nyabiondo, Karuba, hadi vijiji vya msituni Walikale. Huko Karuba, mzee Sebarenzi, mfugaji aliyekuwa amekimbilia Kashuga akarudi kwao, alipandisha shati palepale mbele ya ng'ombe wake.

“Angalia, Dokta! Nabeba bidon mbili za maji. Huyu mama, wakati anashona, alikuwa ananiimbia juu nisiogope.”

Euphrasie akacheka kwa haya, akaligusa kovu kwa kidole kimoja kama anayempapasa mtoto.

Huko Walikale hakucheka. Annonciata, binti wa miaka ishirini, alikuwa amekufa siku ya nne baada ya kupasuliwa. Mama yake hakutufukuza. Alimweka mjukuu, mtoto aliyeachwa na Annonciata, mapajani mwa Euphrasie, wakakaa hivyo mpaka mtoto akasinzia.

Mwishowe tulikuwa tumewaona au kupata habari za watu thelathini na watatu. Mmoja kidonda chake kilioza kisha kikapona, mmoja alikufa, waliobaki wazima. Nikaanza kuandika ripoti. Euphrasie akaweka mkono juu ya kalamu yangu.

“Na bale saba?”

“Walikimbia, Mama. Pengine ni wazima.”

“Pengine bamekufa. Andika: saba hatukubaona. Na Annonciata umuandike.”

“Hiyo itapunguza nguvu ya ripoti.”

“Lakini iko kweli?”

“Iko kweli.”

“Basi andika.”

Kwenye kikao cha madaktari Goma, mwenzangu mmoja alisema watu arobaini ni wachache. Nikakubali, ni wachache. Lakini sponji haina nyumba ya kwenda kupona, nikasema. Mtihani wa mafundo haukufutwa. Walikubali tu aliyeanguka apimwe tena: mpimaji akae wiki nzima na muuguzi katika chumba cha upasuaji, na vidonda vikaangaliwe baada ya mwezi.

Hivyo ndivyo nilivyompima tena Euphrasie, na akapita. Nilipomwambia, alinishika mikono yote miwili, machozi yakimshuka.

Baadaye kambi ya wakimbizi ya Kashuga ilipochomwa, alihamia Walikale. Bado anapasua. Nikipita hunipikia sombe ya majani ya muhogo, kisha tunasoma daftari pamoja, jina kwa jina, naye ananisimulia kila mmoja anaendeleaje.