Ubavu Uliovunjikia Tanurini

Ubavu wangu ulivunjika nikibandika mkate kwenye ukuta wa tanuri.

Sikuanguka. Sikupigwa. Niliinamia mdomo wa tanuri kama kila asubuhi, nikasikia ko, pumzi ikakata.

Mimi ni Oyniso, muoka mikate wa mji wa Margilan. Mgongo ulikuwa ukiniuma tangu theluji iyeyuke. Uchovu hauishi, kiu haikatiki, mkojo una povu.

Kwetu mgongo ukiuma, kila mtu ni daktari. "Chumvi imeganda mgongoni," wakasema. Nikapakwa mafuta ya mkia wa kondoo, nikafungwa shali ya sufu. Nikanuka kama zizi.

Ubavu ulipovunjika, mume wangu Tohir akanipeleka hospitali. Wakapima damu na mkojo, wakapiga picha za mifupa, kisha wakanichoma sindano nyongani kuvuta uboho wa mfupa.

Majibu yalipotoka, daktari alimwita Tohir ndani. Mimi nikabaki kwenye benchi. Ndivyo tulivyozoea, mgonjwa haambiwi.

Akatoka anatabasamu. "Chumvi tu, mke wangu. Umezidisha kuoka mikate."

Nikamwamini. Mwanamume niliyezeeka naye, ningemtilia shaka ya nini?

Ila mambo yakabadilika. Tohir, ambaye hajawahi kuosha hata kikombe, akawa ananimiminia chai. Harusi ya binti yetu Shahlo ikavutwa mbele ghafla. Na mgongo ukazidi.

Siku moja Sanobar, mama wa bwana harusi, akaja na masinia yake ya zawadi za harusi, peremende na vitambaa. Akaona ninavyoshika ukuta kuinuka, midomo ilivyopauka, na birika zima nimelimaliza peke yangu.

"Dada, mkojo wako una povu?"

"Umejuaje?"

"Marehemu mume wangu alianza hivi hivi. Na sisi tulisema chumvi." Akamgeukia Tohir. "Mkwe, daktari alisema nini?"

Tohir akatazama zulia.

"Saratani ya damu," akasema. "Ninyi wakwe mngejua, mngevunja uchumba. Nilitaka harusi ipite kwanza."

Nikamtafuta Shahlo kwa macho. Alikuwa mlangoni, analia.

"Na wewe ulijua?"

"Baba alisema tutakuambia baada ya harusi, mama."

Jamani, hapo ndipo nilipovunjika kweli. Ugonjwa sikuulilia. Nililia kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inanipiga changa la macho huku ikinikatia tikiti ya kaburini.

Sanobar akafunika masinia yake. "Vaa viatu, dada. Harusi itangoja."

Safari hii niliingia kwa daktari mwenyewe. Akanieleza kwamba seli za uboho zinazotakiwa kutengeneza kinga zimeharibika. Zimezaana ovyo, zinatafuna mifupa, zinapunguza damu, na protini yake inaziba figo.

"Nilimsihi mumeo muanze dawa mara moja," akasema. "Sasa figo zimeshaumia."

Natibiwa. Shahlo aliolewa baadaye, nyumbani kwa Sanobar yule yule ambaye Tohir alihofia angevunja uchumba. Tohir bado ananimiminia chai. Naipokea, nakunywa, lakini neno lake lolote siku hizi nalithibitisha kwa daktari kwanza.

Wewe unayesoma, ukiwa na maumivu ya mgongo yasiyoisha, uchovu, kiu na mkojo wa povu, dai kupimwa damu na mkojo.

Na daktari akimwita mumeo ndani, inuka kwenye benchi uingie naye.