Hori la Ng'ombe na Pombe ya Wakwe

Siku ile kule Garland, huku ughaibuni, naikumbuka vizuri, mwanangu, na nakusimulia nikiwa na hasira, maana jana nilipokuuliza pombe ya mahari yako ya Jumamosi unaichachulia kwenye chombo gani, umenijibu kwenye simu, "Uncle, relax, ni container tu, na inashine." Hata sisi tulidanganywa na huko kushine.

Kaka yangu Kamau alikuwa anapeleka mahari, na wakwe walikuwa njiani kutoka Houston. Sisi hatuna ruracio, sherehe ya mahari, bila muratina, ile pombe ya asali ya wazee wetu, na vyombo tulivyokuwa navyo vilikuwa vidogo. Basi tukaenda duka la wafugaji tukanunua hori la bati, lile la kunyweshea ng'ombe. Lilikuwa jipya, linameta. Tukatia asali, sukari na maji, tukalifunika gerejini pombe ichachuke.

Asubuhi ya sherehe akaingia Shangazi Wairimu. Huyu alikuwa mkemia wa kiwanda cha sukari na pombe huko nyumbani mpaka alipostaafu, na kubembeleza mtu hakujua. Tulikuwa tumeshamwambia kwamba muratina si kazi ya wanawake. Alibandua sumaku kwenye mlango wa friji, akaigusisha hori, ikanasa.

"Hili si stenlesi, chuma kisichoshika kutu; stenlesi ya chakula hainasi sumaku," akasema. "Hili ni bati lililopakwa zinki. Sukari ikichacha huwa kali, na ukali ule unakula zinki, ikaingia kwenye pombe. Mnadhani Kamau anatapika kwa nini?"

Kamau alikuwa ameonja vikombe viwili usiku, na tangu alfajiri alikuwa akiisingizia nyama choma. Tukachungulia ndani. Pombe ilipofikia, mng'aro ulikuwa umekwisha, bati limebaki kijivu. Shangazi akatuambia kiwandani kwao matangi, mabomba, hata kikombe cha kuonjea, vyote vilikuwa stenlesi kwa sababu hiyo hiyo. Kisha akainama, akafungua kizibo cha hori. Muratina yote ikatiririka mpaka barabarani, wakwe ndio wanaegesha magari.

Niliona aibu, nikamchukia. Alimwokoa baba mkwe wa kaka yangu asinywe sumu mkononi mwetu, na mimi nikamnunia miaka, mpaka akafa bila kusikia asante yangu. Hilo linaniuma, na ndiyo maana sitaki kusikia "relax" yako.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chombo usikipime kwa macho, uliza kimetengenezwa kwa kitu gani, na cha kuchachulia pombe kiwe stenlesi ya chakula. Mgeni aliyekuja kukupa binti yake hanywi kwenye hori la ng'ombe.

Jumamosi nakuja na sumaku mfukoni. Ikinasa, sitakuuliza kitu. Nitafungua kizibo mbele ya wakwe zako, na uninunie ukipenda. Mungu akujalie mke mwema, mwanangu, na wakwe watakaoamka Jumapili wakiwa wazima.