Watoto Wanne wa Thresiamma

Avarachan hakuandika habari ya kifo kabla ya kufika mwenyewe kwenye nyumba ya msiba na kuuliza marehemu alizaa watoto wangapi. Kila aliyezaliwa alimwandika, awe padri au mlevi, awe anaishi humo ndani au alishafukuzwa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwandishi wa gazeti letu hapa Teekoy na vijiji vya mlimani, na kazi yake kubwa ilikuwa ukurasa wa vifo.

Kwetu gazeti lilisomwa kuanzia ukurasa huo. Siasa baadaye. Mtu alikunywa kahawa ya asubuhi huku akipitia nyuso ndogo zilizopangwa safu kwa safu: jina, jina la nyumba, umri, saa ya maziko, kisha watoto, wakwe na miji waliko. Familia zilizogombana zilijua kwamba nafasi ya mwisho ya kumkana mtu ni hapo, na nyingi zilijaribu. Avarachan alifunga daftari akasubiri. "Sijauliza nani anakaribishwa hapa," alikuwa akisema. "Nimeuliza nani alizaliwa." Mara nyingi shangazi mmoja pembeni, au jirani, alilitamka lile jina lililokuwa linakwepwa, naye akaliandika bila kuinua macho.

Ndivyo ilivyokuwa alipokufa mzee wa nyumba ya Plamoottil. Binti yake wa tatu, Jessamma, alikuwa ameolewa na Sudhakaran, fundi cherehani wa dini ya Kihindu. Walifunga ndoa ya serikali, bila kanisa, wakahamia mji wa mbali, Palakkad. Baba alikataza jina lake lisitajwe tena mle ndani. Siku ya msiba kaka yake, Sabichan, alitaja watoto watatu. Mama yao, Thresiamma, akasema kutoka chumbani, "Wanne." Gazeti likatoka na wanne. Sabichan alikaa miaka miwili bila kumsalimia Avarachan. Alikuwa na haki ya kununa, hakuwa na haki ya kupunguza uzazi wa mama yake.

Thresiamma aliishi kwa Sabichan na hakuwa na simu yake mwenyewe. Kila Jumapili baada ya misa alikaa kidogo barazani kwa Avarachan kupumzisha miguu, akauliza kama Palakkad kuna mvua. Hakuuliza zaidi ya hapo. Avarachan alimsomea hali ya hewa ya Palakkad kutoka gazetini, jua au mawingu, naye alisikiliza kama mtu anayesomewa barua. Pasaka yake ya mwisho alimshika mkono.

"Mwanangu, siku yangu ikifika, utakuja wewe mwenyewe?"

"Nitakuja, mama. Ila usiniharakishe, goti langu bovu."

"Goti bovu unalijua wewe? Njoo uone langu." Kisha akaacha utani. "Uniandike na Jessa wangu."

Akaahidi.

Wakati huo ukurasa wa vifo ulikuwa umeshaondolewa kwenye karatasi na kuhamishiwa kwenye tovuti ya gazeti. Wakubwa wa gazeti walisema watu wanasoma kwenye simu, na hawakusema uongo. Familia zilitengeneza kadi zao wenyewe, picha, mshumaa na maua ya waridi, zikasambaa kabla mwili haujaoshwa. Avarachan aliendelea kupanda mlima kwa pikipiki yake, akifika anakuta habari imeshakwenda Dubai na kurudi. Kulikuwa na badiliko jingine ambalo hakulipa uzito. Kwenye karatasi jina la mwandishi halikuwekwa. Kwenye simu lilikaa chini ya kila tanzia.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mvua ikimwagika tangu alfajiri, kadi iliingia kwenye kundi la simu la parokia. Thresiamma, miaka themanini na minne. Sabichan ndiye aliyeitengeneza, na watoto walikuwa watatu: yeye, Sista Rosmi, na Mercy aliyeko Ireland. Haikupita nusu saa, Nimisha, mhariri wa habari za simu kule Kottayam, akapiga.

"Kaka, wenzetu wameshaweka. Sisi tunangoja nini?"

Avarachan alimwambia hajafika msibani.

"Si kadi ya familia ipo? Au unataka marehemu aamke akusainie?"

Avarachan alitazama mvua. Alijiambia atatuma ilivyo, mvua ikipungua aende, kisha aongeze jina. Akatuma. Alikuwa rafiki yangu, lakini sitamtetea. Alijua alichokuwa anafanya.

Alifika Plamoottil mchana. Mwili ulikuwa sebuleni kwenye sanduku la barafu, ukimngoja Mercy. Maziko yalipangwa Alhamisi. Akauliza swali lake mbele ya watu. Sabichan hata hakupandisha sauti.

"Unaniuliza mimi tena, kaka? Umeshaandika mwenyewe. Watu elfu sita wamesoma."

Avarachan alitoka barazani akampigia Nimisha, na kabla hajarudisha simu mfukoni majina yalikuwa manne. Akadhani yameisha. Namba ya Jessamma hakuwa nayo, lakini aliamini habari imemfikia, na kweli ilikuwa imemfikia. Siku mbili nzima alimngoja. Alhamisi hakusogea kaburini. Alisimama kwenye lango la kanisa, na kila basi lililosimama kule chini alinyoosha shingo kutazama nani anashuka. Watu walipomwita alisema anapunga upepo.

Wiki iliyofuata tulipanda basi pamoja kwenda Palakkad. Sudhakaran alitupokea vizuri, akatuletea chai, akarudi kwenye cherehani yake. Jessamma alitueleza bila hasira. Asubuhi ile ya Jumanne alikuwa amesikia habari ya msiba na ameshafunga begi. Kisha binamu yake akamtumia picha ya tanzia yetu. Alisoma majina matatu, akasoma jina la mwandishi lililokuwa chini yake, akafungua begi akarudisha nguo kabatini. Hakuitazama tena habari ile. Nani hurudia kusoma kitu kama hicho?

"Ingekuwa kadi ya Sabichan tu, ningekuja nigombane naye hapohapo mlangoni," alisema. "Lakini ni wewe, kaka. Wewe huwa unauliza. Nikajua umeuliza, na mama aliacha neno kwamba watoto wake ni watatu."

Avarachan alimwambia hakuuliza. Akamsimulia zile Jumapili, na mvua ya Palakkad, na Pasaka. Jessamma akamwomba arudie maneno ya mama yake kama yalivyotamkwa, bila kuongeza. Akayarudia.

"Alisema Jessa, au Jessa wangu?"

"Jessa wangu."

Akamwomba ayarudie tena.

Kwetu, kabla jeneza halijafunikwa, watoto humbusu mzazi wao mmoja mmoja kwa kufuatana walivyozaliwa. Thresiamma alibusiwa na watatu. Jessamma alikuwa na siku mbili na safari ya nusu siku tu. Hakuja, kwa sababu alimwamini mtu ambaye mara hiyo hakuuliza.