Nilishika Kamba, Kisha Nikaandika Kuwa Ulikuwa Utani

Ndugu Msimamizi wa ukurasa huu, pamoja nanyi wasomaji wake, salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mume na baba wa watoto watatu, mfanyakazi wa kiwanda cha mbao mkoani Iringa. Naomba jina langu lihifadhiwe. Elimu yangu iliishia darasa la saba. Kiswahili cha kiofisi nilijifunza mwenyewe kwa kunakili matangazo ya ukutani, hadi wenzangu wakaniita Katibu. Barua zao za likizo, za msiba na za kuomba uhamisho huandikwa kwa mkono huu.

Sina budi kuanza na nililolificha. Nilizaliwa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, kwa wazazi Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Nilipofika kiwandani niliona jinsi Wasukuma wanavyotendewa, nami kwenye fomu, penye kabila, nikaandika Msangu. Wazazi walikuwa wamekwisha fariki, hivyo hakuna aliyenisuta. Nikajifunza Kihehe, nikaoa Mhehe. Hata mke wangu hajui.

Miaka mitatu iliyopita aliajiriwa mwenzetu mmoja, nitamwita Shija, Msukuma asiyejificha. Alikuwa na cheti cha ufundi wa mashine, lakini nyapara wetu hakumruhusu kugusa msumeno hata siku moja. Alimpanga kubeba magogo. "Nguvu anazo, akili kaziacha zizini," alikuwa akisema. "Huyu ukimpa mashine ataipeleka malishoni!" Shija akilalamika, jibu lilikuwa moja: "Aah, babu, si utani tu? Mbona unanuna kama mke mdogo?" Watu walicheka, nami nilicheka kwa sauti kuliko wote, ili pasiwe na wa kunitazama mara mbili.

Shija peke yake alinigundua. Mbao iliniangukia mguuni, nikatukana kwa Kisukuma. Alitabasamu, akaendelea na kazi, wala hakumwambia mtu. Baadaye aliniomba nimwandikie barua ya malalamiko kwa meneja. Nilimjibu kuwa karatasi zimeniishia. Zilikuwepo, rimu nzima.

Siku ya tukio lililonifanya niwaandikie, saa nne asubuhi, winchi ya kuvutia magogo iliharibika. Nyapara akapiga makofi. "Fundi wa nini? Maksai si huyu hapa!" Akamtupia Shija kitanzi cha kamba kiunoni. Shija akasema kwa upole, "Bosi, mimi ni mtu." Alipigwa kofi lililomtoa damu puani. Watu wawili wakamfunga kwenye gogo, na nyapara akaniita. "Katibu, shika ncha hii ya kitanzi, ukaze. Akilegea, vuta."

Nilishika. Niliizungusha kwenye kiganja mara mbili.

Walimchapa kwa fito za mlingoti, yaani mkaratusi, huku wakipiga miluzi ya wachunga ng'ombe. Shati lilichanika, kisha ngozi. Alivuta gogo lile hatua saba au nane, akaanguka kifudifudi, wakampiga mateke ya mbavu ainuke. Alipogeuka alikuwa ameelekea lundo la magogo lililokuwa nyuma yetu, nasi sote tulikuwa tukimtazama yeye. Ndipo akanipigia kelele kwa Kisukuma: "Legeza kamba, gogo linakuja!"

Niliyeelewa nilikuwa mimi tu. Nami niliwaza jambo moja: nikilegeza, watajua kuwa nimeelewa. Nilisimama kama kiziwi, kwa muda wa pumzi mbili.

Gogo lililoporomoka lundoni lilinipita pembeni, likampitia yeye mguu wa kulia. Mlio wa mfupa niliusikia kwenye meno yangu. Mfupa ulitokeza nje, mweupe, na damu ikalowesha maganda ya miti hadi kwenye viatu vyangu. Kamba bado ilikuwa mkononi mwangu, imekazwa.

Kabla hajafikishwa hospitali, nyapara aliniletea kalamu. "Wewe ndiye mwenye Kiswahili. Andika." Niliandika hivi: "Ajali ilitokea wakati wafanyakazi wakitaniana kwa mujibu wa mila za makabila yao." Naona aibu kukiri kwamba niliisoma sentensi hiyo mara ya pili na kuipenda. Kwa sentensi hiyo Shija, aliyekatwa mguu chini ya goti, alitangazwa kuwa alijiumiza mwenyewe katika mzaha, akafukuzwa kazi.

Sasa mkewe amefika kwa Afisa Kazi, na shauri limefunguliwa upya. Natakiwa kupeleka maelezo yangu ifikapo Ijumaa. Nyapara alipopata habari alinikaba koo, akanilaza kichwa kwenye meza ya msumeno ukiwa unazunguka, hata nikahisi upepo wake sikioni. "Kamba ulishika wewe," alisema. "Ukifungua mdomo, wa kwanza kwenda ndani ni wewe." Kuanzia siku hiyo nikiona shoka natazama shingo yake kwa hamu.

Jumapili iliyopita nilikwenda Usangu, alikorudi kwa ndugu zake, kumwona Shija. Alikuwa ameketi mlangoni, suruali imekunjwa na kufungwa pini. Nilimwamkia kwa Kihehe, kwa mazoea: "Kamwene." Alinijibu kwa Kisukuma, taratibu:

"Kaka, wale wengine siwadai neno. Hawakunisikia. Wewe ulinisikia."

Hajamtajia Afisa Kazi aliyeshika kamba. Anasema ananingoja niseme mwenyewe.

Nikisema ukweli nitafungwa, na wanangu watajua kwamba baba yao ni Msukuma aliyemvunja Msukuma mwenzake ili asijulikane. Nikirudia maelezo ya kwanza, Shija atabaki kuwa maksai aliyetaniwa.

Nimeandika barua za watu kwa miaka kumi na miwili, na kila moja nimeifunga kwa maneno "naomba kuwasilisha". Hii siwezi kuifunga hivyo, maana sijawasilisha kitu. Karatasi ya Afisa Kazi iko mbele yangu. Nimejaza jina, nimejaza umri. Kalamu imesimama penye kabila. Nishikeni mkono, ndugu zangu: niandike nini?